Figo ya Bonde

1

Kila asubuhi kabla ya chai, Mbonea alikaa kwenye kigoda ukingoni mwa kinamasi, akakunja mkono wa kushoto wa shati lake, akauchovya mkono majini hadi juu ya kiwiko. Hakuwa akinawa. Alikuwa akisubiri. Baada ya muda, nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, zilipanda kutoka kwenye matope, zikamzunguka mkono taratibu kama zinazomkumbuka, zikaitafuta alama ya duara ambayo daktari aliifungua chini ya kiwiko chake miaka kumi na moja iliyopita. Zikaingia.

"Karibuni," Mbonea alisema, kama mtu anayewafungulia wageni mlango.

Alikaa hivyo saa tatu nzima. Damu haikutoka. Kilichotoka ni vitu vidogo ambavyo mwili wake haukuvihitaji tena: urea, chumvi iliyozidi, maji ya ziada. Figo zake mbili zilikuwa zimeanza kufa alipokuwa na miaka arobaini na miwili. Mashine za kusafishia damu zilikuwa zimebaki katika miji ya pwani, safari ya siku nne, na waliozisubiri walikuwa wengi kuliko waliozipata. Lakini bonde hili la juu, katika milima ya Upare, lilikuwa na nyuzi. Zilikuwa za kuvu, ndugu za uyoga, na wazee waliohamia hapa miaka ya ukame mkubwa walikuwa wamezifunza kazi moja tu: kutambua kilichozidi mahali pamoja na kukipeleka mahali kinapopungua. Zilitandaa chini ya ardhi kuanzia msitu wa juu hadi lango la maji. Mahindi yakikosa naitrojeni, ziliyaletea. Mbonea akizidiwa na urea, ziliichukua, zikayapelekea mafunjo.

Na mafunjo yalistawi. Yalikuwa yamesimama nyuma yake marefu na mabichi, yakitikisa vichwa.

Nakunda, mkewe, alimtazama kutoka kwenye daraja la lango. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa lango, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa. Chini ya daraja aliona samaki amegeuza tumbo juu. Alikuwa wa tatu wiki ile. Alimvuta kwa kijiti, akamfukia haraka kwenye majani, akafuta mikono kwenye khanga.

"Unafukia nini, Mama Kajiru?" Mbonea aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Majani yaliyooza."

"Maji yananuka leo."

"Ni mvua."

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili, na wote wawili walilijua hilo. Baadaye kidogo Mbonea akasema, "Nimekuachia kiazi kitamu jikoni. Kile chenye ngozi nyekundu. Usipokila, mtani wangu Ndekirwa atakiona," na Nakunda akageuza uso upande wa mlima.

Kila mwaka wa nne lango hufunguliwa, maji yote hutelemka kwa watu wa tambarare, na kinamasi hukaa kikavu siku arobaini ili matope yapumue. Huu ulikuwa mwaka wa saba. Mara tatu wazee walikuwa wamemuuliza kama wakati umefika, na mara tatu Nakunda alikuwa amesema bado. Walimwamini, maana vipimo vilikuwa mikononi mwake peke yake.

Sasa nyavu zilikuwa zinarudi tupu, na wazee walikuwa wameitisha Marudio, mkutano unaotangulia kufunguliwa kwa lango. Yangekuwa kesho yake.

2

Mchana ule Nakunda alikwenda kwa daktari. Sifaeli alikuwa mwanamke mdogo kuliko yeye kwa miaka ishirini, lakini alipoona miguu ya mgeni wake imejaa tope alileta beseni la maji ya vuguvugu bila kusema neno, akaliweka chini ya kiti. Nakunda akatumbukiza miguu humo. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amfanyie jambo dogo kama lile.

"Akikaa bila kinamasi," Nakunda alisema, "ataishi siku ngapi?"

"Kumi na mbili. Akijinyima maji na chumvi, labda kumi na tano."

"Na lango linataka arobaini."

"Arobaini," Sifaeli alikubali. "Mara ya mwisho figo zake zilikuwa bado na nguvu kidogo za kumvusha. Sasa zimekufa kabisa."

Kuku alipita, akaangalia ndani ya beseni, akaondoka.

"Ipo njia," Sifaeli alisema. "Unaijua. Nyuzi hazijali kama upande wa pili kuna kinamasi au kuna mtu. Mtu mzima mwenye afya ana figo zinazotosha watu wawili kwa siku moja. Baada ya hapo apumzike mwezi. Watu arobaini, siku arobaini."

"Na mtu anayeunganishwa?"

"Hapati madhara. Lakini kila kilicho kidogo kitapita katikati yao. Sukari, chumvi, homoni. Mmoja akiogopa, moyo wa mwingine utakwenda mbio. Hawataweza kufichana." Daktari alikunja taulo, akalikunjua tena. "Tatizo si nyuzi. Tatizo ni sheria, na sheria hiyo naiona ya haki. Hakuna anayeruhusiwa kumwomba mwenzake mwili wake, hata iwe kwa ajili ya mume. Lazima mtu ajitolee bila kuombwa. Vinginevyo maskini na wapole wangekuwa figo za wakubwa."

"Na kama watu hawajui kwamba safari hii atakufa?"

Sifaeli alimtazama. "Mama, hilo si swali la udaktari."

Akampangusa miguu, mmoja baada ya mwingine, mpaka katikati ya vidole.

3

Marudio yalifanyika kwenye uwanja wa shule, kuanzia jua lilipopata nguvu. Watu walileta vigoda vyao na sufuria za makande, maana ilikuwa kazi ya siku nzima. Desturi yenyewe ilianzishwa na mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, mmoja wa wale waliofika kwanza. Aliona mlinzi mmoja akifungua lango kwa kufuata mazoea tu, bila kuelewa, akaua vifaranga vyote vya samaki vya mwaka ule. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa lango kabla ya kusimama mbele ya watu na kueleza upya, kwa maneno mepesi, yale yote ambayo mtoto hufundishwa shuleni kuhusu uhai, akianza na ngozi ya mtu na kuishia na bonde zima. Yeyote angeweza kusema "Rudia," na mlinzi angerudia. Yeyote angeweza kuuliza kwa nini. Swali likikosa jibu, lango lilibaki lilivyo.

Nakunda alisimama chini ya kengele ya shule akiwa na daftari alilolijua kwa moyo. Mbonea alikaa mstari wa mbele, amejifunika shuka la mgolole. Karibu naye alikaa Ndekirwa, seremala, Mchaga aliyezaliwa bondeni humo na mtani wake wa siku zote.

"Tuanze na ngozi," Nakunda alisema. "Ukilima juani, mwili unapata joto. Ubongo unalihisi joto hilo. Unaziamuru tezi zitoe jasho, jasho linakauka, na linapokauka linaondoka na joto. Ukihisi baridi, mishipa midogo ya ngozini inajibana, nawe unatetemeka, na kutetemeka kunaleta joto. Hakuna anayekukumbusha. Mwili una kipimo chake, nao hukirudia kila unapokosea."

"Rudia," alisema Ndekirwa. "Hapo kwenye kulima. Mtani wangu hapa hajawahi kufika."

Watu walicheka. Mbonea alisema, "Mimi hulima kivulini. Ndiyo maana bado nina nywele."

Nakunda akaendelea. Alieleza jinsi makande yanavyogeuka sukari tumboni, sukari ikaingia kwenye damu, na kongosho, kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya tumbo, likatuma insulini kuliambia ini: pokea, weka akiba. Na usiku mtu akiwa amelala njaa, ini hutoa kidogo kidogo ile akiba ili ubongo usizimike. Alikuwa ameyasema maneno haya mara nne katika maisha yake, na kila mara alipofika hapo sauti yake ilishuka. Ilimshangaza kwamba ndani ya kila mtu aliyekaa pale, hata wale waliokuwa wakisinzia, kulikuwa na kitu kinacholinda akiba kwa ajili ya saa ambayo mwenyewe hajaiona.

"Sasa figo," alisema.

Bibi Senzia, mkongwe aliyekaa kwa mikono miwili juu ya fimbo, aliinua kichwa.

"Figo zako mbili, kila moja ikiwa saizi ya ngumi, huchuja lita mia na themanini kwa siku. Maji unayokojoa hayafiki lita mbili. Zile nyingine zote hurudishwa kwenye damu. Figo hazitupi kila kitu, Bibi. Hutoa karibu kila kitu nje, halafu huchagua nini kirudi. Sukari, irudi. Chumvi, kiasi hiki irudi. Maji, kama leo umekunywa kidogo, yarudi yote. Urea, iende."

"Lita mia na themanini," Bibi Senzia alisema polepole. "Ndani yangu hivi."

"Ndani yako hivi, ukiwa umekaa."

Mkongwe aligusa kiuno chake kwa vidole viwili, kwa adabu, kama anayegusa bega la mtu aliyelala.

Jua lilikuwa limesogea. Walikula. Binti wa mwalimu wa sasa wa shule, Nakijwa, mwenye miaka minane, alimletea Nakunda bakuli la makande na kijiko, akasimama akingoja amalize ili alirudishe bakuli. Kisha wakaingia sehemu ya pili ya daftari, ile ya kinamasi.

"Kinamasi nacho kina mwili," Nakunda alisema. "Mafunjo hupokea nguvu ya jua na kutengeneza chakula. Konokono na wadudu hula mafunjo. Samaki hula wadudu. Sisi hula samaki. Na kila kinachokufa huanguka kwenye matope, ambako bakteria na kuvu hukiozesha ili kirudi kuwa chakula cha mmea. Hao wa matopeni hawaonekani na hawashukuriwi, lakini wakisimama siku moja, sisi sote tutazama kwenye maiti za majani."

"Na hao wanapumua?" aliuliza Semvua, mvuvi. Alikuwa amekaa nyuma, mikono kifuani. Alikuwa mtu mwenye mtoto dhaifu na nyavu tupu.

"Wanapumua."

"Oksijeni ya majini?"

"Ya majini."

"Kwa hiyo majani yaliyooza yakizidi?"

Nakunda alihisi jasho likimtoka, ingawa alikuwa kivulini. Tezi zake zilikuwa zinafanya kazi yao vizuri. "Wanaimaliza. Maji yanakuwa meusi. Samaki wanakosa pumzi. Ndiyo maana tunakausha. Hewa ikiingia kwenye matope, uozo unakamilika, mbegu zilizolala zinaamka."

Nakijwa aliinua mkono. Watoto waliruhusiwa kuuliza mbele ya wazee siku ile tu. "Na kamongo je? Maji yakiisha si atakufa?"

"Hafi, mwanangu. Samaki huyo hujichimbia kwenye matope, hujizungushia utelezi wake unaokauka kama karatasi, huacha tundu dogo la kupumulia, akalala. Moyo wake hupunguza mwendo. Anaweza kulala hivyo miezi."

"Anakojoa wapi?"

Watu walicheka tena, lakini Nakunda hakucheka. "Hakojoi. Urea yote huiweka mwilini mwake, inamjaa, na haimwui. Maji yakirudi anaitoa."

Mtoto alifikiri. Kisha akamgeukia mtu wa mstari wa mbele, kwa huruma tupu, na kuuliza, "Kwa nini Babu Mbonea naye asilale kama kamongo?"

Mama yake Nakijwa alimvuta sketi akae. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, na siku ya Marudio kila swali lazima lijibiwe. Nakunda alifunga daftari, akalifungua tena.

Mbonea ndiye aliyesimama. Alisimama polepole, akikamata bega la Ndekirwa.

"Mlinzi," alisema. Hakumwita Mama Kajiru. "Nami ninalo swali. Lango hufunguliwa mwaka wa nne. Huu ni wa saba. Kwa nini halikufunguliwa?"

Nakunda alimtazama mumewe. Alikuwa na uso uleule wa asubuhi za ukingoni, mtulivu, wenye kukaribisha. Akaelewa kwamba alikuwa amejua tangu mwanzo. Alijua habari ya samaki waliofukiwa. Labda aliionja kwenye maji, kupitia mkono wake, kabla yake yeye mwenye vipimo. Miaka mitatu alikuwa amemngoja aseme mwenyewe, na leo alikuwa amechoka kungoja, akamfungulia mlango.

"Kwa sababu ningefungua, ungekufa," alisema. "Nilipima, nikaona, nikawaambia bado. Niliwadanganya mara tatu." Akageukia watu. "Maji ni meusi kwa ajili yangu. Nyavu zenu ni tupu kwa ajili yangu. Semvua, mtoto wako amekosa samaki kwa ajili yangu. Nilichagua mwili mmoja, nikauacha huu mwingine uugue."

Semvua aliinuka, akapiga hatua mbili mbele, akasimama. "Mwaka jana nilikuuliza," alisema. "Nilikuja mpaka kwenye daraja. Ukanipa boga nimpelekee mtoto."

"Nilikupa."

"Nilikushukuru."

Hakuna neno lililomuumiza Nakunda kama hilo. Mwenyekiti, mzee Eliesikia, alikohoa na kusema kwa upole kwamba shauri la kosa lingekuja, ila Marudio hayakatwi katikati. "Malizia sehemu iliyobaki, Mlinzi. Halafu lango litafunguliwa, maana hatuna njia nyingine. Mbonea, mwanangu, unalielewa hilo."

"Ndilo nililoliuliza," Mbonea alisema, akaketi.

Ilibaki kurasa mbili. Nakunda aliyasoma maneno bila kuyaona. Jua, mafunjo, mdudu, samaki. Ndipo Bibi Senzia akasema, "Rudia hapo. Mafunjo yanajengwa na nini?"

"Na jua, Bibi, na maji, na hewa, na naitrojeni."

"Naitrojeni inatoka wapi?"

"Kwenye matope. Kwenye vilivyooza. Na kwenye..."

"Na kwenye nini?"

"Urea," Nakunda alisema taratibu, "karibu nusu yake ni naitrojeni."

Alisimama pale na daftari mkononi, na jambo lile alilolifundisha maisha yake yote likamjia kana kwamba analisikia kwa mara ya kwanza. Alilisema kwa sauti ili alifuate, lisimponyoke. Kwa miaka kumi na moja, kila asubuhi, kwa saa tatu, nyuzi zimetoa urea kwa Mbonea zikayapa mafunjo. Mafunjo yamejijenga nayo. Konokono wamekula mafunjo. Samaki wamekula konokono. "Na ninyi," alisema, "mmekula samaki. Naitrojeni hiyo ndiyo hujenga nyama, na kucha, na nywele. Nakijwa ana miaka minane. Hajawahi kuishi siku ambayo kinamasi hakikuwa na Mbonea ndani yake."

Mtoto alinyoosha viganja vyake, akaviangalia pande zote mbili.

Bibi Senzia alikuwa anaitazama mikono yake mikavu juu ya fimbo. Mtu mmoja aligusa nywele za mwanawe. Hakukuwa na upepo, na sauti pekee ilikuwa ya mafunjo kule chini yakigusana, ingawa hakuna aliyeweza kusema ni nini kilichoyatikisa.

Ndekirwa ndiye aliyesema kwanza. "Subiri kidogo. Yaani miaka kumi na moja nimekuwa nikimla Mpare?"

"Umemla," alisema Bibi Senzia.

"Ndiyo maana nimekuwa mbishi. Nilidhani ni uzee." Akainuka, akajinyoosha mgongo. "Haya. Mnajua mimi ndiye mtani wake. Akifa, ni juu yangu kumchongea sanduku, na kulibeba, na kumcheka njia nzima hadi kaburini, na kaburi la ukoo wao liko kule juu, mtu anapanda mpaka magoti yanalia. Mtazameni alivyo na mifupa mizito. Mimi nimekataa kumbeba. Daktari, yuko wapi daktari?"

"Niko hapa, mzee," Sifaeli alisema.

"Siku ya kwanza ni yangu." Alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa shati. "Wala sikuombwa. Andikeni kwamba sikuombwa, maana Wapare wanapenda kesi."

Mbonea alifunika uso kwa shuka. Mabega yake yalitikisika, na watu hawakujua kama anacheka.

"Sitaki," alisema kutoka ndani ya shuka. "Ndekirwa, nasema sitaki. Sitamfunga mtu kwenye mkono wangu siku nzima."

"Nani kakuuliza? Nimekula chakula chako. Sasa unataka nidaiwe na konokono?"

Bibi Senzia akasema yeye figo zake ni za zamani, lakini ana wajukuu watano, na akawataja majina mmoja mmoja, nao wakasimama. Mwalimu akasimama. Mama yake Nakijwa akasimama. Sifaeli alikuwa ameshika kalamu, anaandika, na hakumtazama mtu usoni wala hakuita jina, ili isionekane anaomba. Zamu ya kusimama ilipofika nyuma ya uwanja, Semvua mvuvi alikuwa bado amesimama palepale.

Alisogea mbele. Alimkazia macho Nakunda. "Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

Akamgeukia daktari. "Andika siku ya ishirini na saba. Kabla ya hapo nina nyavu za kushona."

4

Nakunda alivuliwa ulinzi wa lango jioni ileile, kabla jua halijazama, na akakabidhi gurudumu la kufungulia lango kwa binti wa mwenyekiti. Wazee walimpa kazi nyingine: kukaa ukingoni kila siku, siku zote arobaini, na kuandika daftarini anachokiona, na kulisoma daftari hilo mbele ya watu wote kila Ijumaa, pamoja na vipimo. Aliipokea. Lango lilipofunguliwa maji yalitoka kwa ngurumo, na watu wa tambarare, walioyasubiri miaka saba, walisikika kwa mbali wakipiga vigelegele.

Aliandika. Siku ya tatu mgongo wa matope ulionekana. Siku ya tano kamongo waliingia ardhini mmoja mmoja, wakiacha vitundu kama vya kidole gumba, na akivisogelea aliweza kusikia pumzi. Siku ya nane harufu mbaya ilikwisha, ghafla, kama mtu aliyeacha kulalamika. Siku ya tisa mimea ambayo hakuwahi kuiona, midogo, ya rangi ya zambarau, ilichipuka kutoka kwenye mbegu zilizolala miaka saba chini ya giza alilolisababisha yeye. Aliandika hilo pia, kwa maneno hayohayo.

Nyumbani, sebule ilikuwa imejaa watu. Ndekirwa alilalamika siku yake nzima kwamba damu ya mtani wake inamfanya atamani kazi za kivulini. Mwalimu alilia bila sababu saa kumi, na Mbonea akalia naye, kisha wote wakacheka, maana hawakujua kilio kilianzia kwa nani. Mjukuu mmoja wa Bibi Senzia alikuwa na miadi na mpenzi wake jioni. Mbonea, mtu wa miaka hamsini na mitatu, alishinda akijitengeneza kola ya shati.

Siku ya kumi na moja ilikuwa ya Nakunda.

Sifaeli aliwakalisha ukingoni bega kwa bega, akaweka kati yao bakuli la matope yenye nyuzi, akawaacha. Nakunda alichovya mkono. Alihisi ubaridi, kisha mguso mdogo sana, kama mtoto anayeshika kidole akiwa usingizini. Kisha akahisi kiu.

Ilikuwa kiu kubwa, kavu, ya zamani. Haikuwa yake, alikuwa amekunywa chai vikombe viwili. Ilikuwa ni kiu ya mtu ambaye kwa miaka kumi na moja amekunywa kikombe kimoja tu kwa siku, akasema kimetosha, akakaa mezani akiwatazama wengine wakinywa. Hakuwahi kuitaja.

"Baba Kajiru," alisema. "Hivi ndivyo unavyoishi?"

"Unazoea."

"Huzoei. Naisikia."

Mbonea alitabasamu, kama aliyeshikwa pabaya. Nakunda alihisi maji yake yakivuka kwenda kwa mumewe, na ile kiu, taratibu sana, ikaanza kulegea katika miili yote miwili. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio. Aliusikia wa mumewe ukishtuka, ukakimbia kidogo kuufuata, kisha ukapunguza mwendo, na wake ukapunguza pia, mpaka hakujua tena ni upi uliokuwa ukimsubiri mwenzake.

"Una hofu," Mbonea alisema.

Nakunda alitaka kusema hapana. Miaka mitatu alikuwa amesema hapana, na bado, na ni mvua. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuvuka kwa njia nyingine, dogo kuliko chembe ya chumvi, na Mbonea alikuwa ameshalipokea.

"Nina hofu," alisema.

"Haya," akajibu Mbonea, akasogeza kigoda chake karibu zaidi. "Niletee yote. Hapa ipo nafasi."